Kaburi la Mgomba

Asubuhi ile, kabla hatujaondoka kwenda mtoni, Baba Mkubwa Ndyamukama alikuwa akizunguka shambani kwa mdogo wangu na panga mkononi, akitafuta mgomba wenye kimo cha mwanamume. Alikuwa akiugusa huu na kuupita, akiupima ule kwa bega lake, kisha akirudi nyuma kuutazama kama fundi anayechagua nguzo. Mama alikaa mlangoni, kwenye nyasi za matanga. Nilitamani kumnyang'anya yule mzee lile panga.

Kwetu Kamuli, mtu akifa na maiti yake isipatikane, hukatwa mgomba katika kibanja chake mwenyewe, shamba lile linalozunguka nyumba. Huvikwa nguo zake, hufungwa shuka, ukazikwa mahali ambapo angelala yeye. Asiyezikwa hana pa kukaa, na asiye na pa kukaa atawasumbua walio hai mpaka wampe mahali. Ndivyo tulivyolelewa, Wakatoliki kwa Walutheri, na katekista wetu alishazoea. Alisema Kanisa halina sala ya mgomba, lakini sala ya marehemu anayo, na kilichomo ndani ya shuka yeye hakifunui. Udongo ukishafukiwa mambo yamekwisha. Kaburi la mtu yule ni lile, na hakuna wa kumchimbia lingine. Kaburi la pili la mtu mmoja, wazee husema, haliridhiki na yule wa kwanza, hutafuta wa kulijaza katika nyumba ile ile.

Marehemu ni Elpidius, yule mdogo wangu tuliyeachiana ziwa la mama. Alizama katika mto Kagera, yeye na wenzake wawili, usiku, wakivusha kahawa ya maganda kwa magendo kwenda ng'ambo kwa mtumbwi uliojaa hadi ukingoni. Wale wawili waliogelea. Wakafika nchi kavu, wakarudi makwao, wakajifungia ndani kimya kwa kuwaogopa polisi. Siku mbili nzima mto ulikuwa na mtu wetu, na sisi tulikuwa tunamenya ndizi na kuulizana Elpidius amechelewa wapi. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao njiani naitikia salamu yake kwa sababu Mama ameniomba. Moyoni simwitikii.

Habari ilipofika watu walitafuta, sitawanyima haki yao. Walitafuta mpaka wakachoka, na wakichoka walikuja kulala kwetu kwenye nyasi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nani atampa jembe mtu aliyekuja kukulilia? Ndizi ziliisha upande mzima wa kibanja. Ndipo Baba Mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yetu afariki, akasema basi, kesho tunaweka mgomba.

Nilimpigia magoti mbele ya watu wote. Nilimwomba siku moja tu, nikodi mtumbwi, niende mwenyewe. Alinitazama kwa muda mrefu, na siwezi kusema alinitazama kwa ubaya.

"Nakupa mpaka jua lizame, Evaresta," alisema. "Likizama hamjarudi naye, naweka mgomba. Ukishakatwa haulali nje."

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Mambo mengi ya siku ile nimeyasahau, lakini shukrani ile naikumbuka, na inaniuma.

Wifi yangu Uwamahoro, mke wa marehemu, aliinuka kwenye nyasi akasema anakwenda nami. Mashangazi waliguna. Mjane hatoki matangani, na huyu tena anatoka kwenda kupanda mtumbwi. Yeye alijifunga kitenge kingine juu ya kile cha kwanza, akawaachia watoto wake watatu bila kugeuka nyuma. Ni mwanamke mpole mno, kizazi cha watu waliokuja kutoka Rwanda kulima kwa watu, na katika miaka yote aliyokaa kwetu sikuwahi kumsikia akimjibu shangazi yeyote. Siku ile hakujibu pia, aliondoka tu.

Tulishuka na bodaboda hadi mwaloni, mahali mitumbwi inapofungwa, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mafunjo. Mwenye mtumbwi aliitwa Nsanzimana, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, aliyevushwa mto ule akiwa mgongoni mwa mama yake. Alimwamkia Uwamahoro kwa lugha ya kwao, mimi akaniamkia kwa Kiswahili, akatupa pole. Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao, mrefu, na injini ndogo nyuma iliyokohoa kabla ya kuwaka. Alituonya mambo mawili: tusisimame, na tukiwaona viboko tusipige kelele. Akasema pia kwamba hawezi kutuahidi kitu, maana mto ule una mikono mingi na yeye hajui yote. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Wengine wote tuliowauliza walikuwa wanajua alipo Elpidius, na kila mmoja alijua mahali pake.

Tukaanza kuteremka na mto. Sijawahi kuona mahali pazuri kama pale, na nakiri nilipachukia. Mafunjo yamesimama pande zote marefu kuliko nyumba, vichwa vyao vimejaa umande. Ndege weupe wanaruka mbele ya mtumbwi, wanatua, wanaruka tena. Upande wa kushoto milima ya Rwanda ilikuwa inaanza kupata jua, upande wa kulia yetu ilikuwa bado kivulini. Kuna watu wanaolipa fedha nyingi kutoka Ulaya waje kutembezwa majini namna ile, wakae na darubini shingoni waonyeshwe viboko. Mimi nilikuwa nimeshika upondo mkononi nachokoachokoa chini ya mafunjo, na kila kilichokuwa laini kilinisimamisha moyo.

Simu yangu ililia mfukoni. Nikarukia kuitoa, nikidhani ni nyumbani. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Rwanda. Nsanzimana akaeleza kuwa kule bondeni minara ya ng'ambo ndiyo inayoshika, ya kwetu imezuiwa na milima, na laini yangu haitapiga wala kupigiwa mpaka turudi karibu na mwalo. Nikamuuliza simu yake iko wapi. Akasema ameiacha nyumbani, mbili zilishazama naye. Basi tukawa hatuna neno la kupeleka wala la kupokea. Wakati ule sikuliona kuwa jambo kubwa, kwani nilikuwa nimeahidiwa jua zima.

Tuliingia mkono wa kwanza wa mto, hakuna kitu. Tukaingia wa pili. Pale kulikuwa na kongoti wawili, ndege wala mizoga, wamesimama kwenye matope, na Nsanzimana akazima injini akatazama chini, akasema wale ndege hawasimami bure. Tulisogea polepole. Uwamahoro alianza kusali Salamu Maria kwa sauti ndogo, akakwama katikati na kuanza upya, akakwama tena palepale. Ulikuwa mzoga wa ngiri, tumbo limevimba. Sikujua nimshukuru Mungu au nimlaumu. Nsanzimana aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemweka yule mnyama pale.

Jua lilipopanda tulikula ndizi za kuchoma ndani ya mtumbwi. Mvuvi mmoja wa ng'ambo alipita na kutuonyesha samaki, kambale wakubwa, akiuliza kama tunanunua. Uwamahoro aligeuza uso. Aliniambia baadaye kwamba bibi yake hakula tena samaki wa mto ule tangu mwaka ule wa vita vya kwao, na hakuwahi kusema kwa nini, wala hakuna mtoto aliyehitaji kuuliza. Alisema bibi alikuwa na ndugu zake waliouawa wakatupwa mtoni, hawakuzikwa hata mmoja, hata kwa mgomba. Aliishi hivyo mpaka akafa. Akasema yeye hawezi kuishi hivyo, afadhali ampate vyovyote atakavyokuwa.

Tulipotaka kurudi kuingia mto mkubwa, njia haikuwapo. Mafunjo ya pale hayana mizizi ya kushika ardhi, huelea. Upepo ukivuma, kipande kizima cha mafunjo kikubwa kama uwanja wa shule hung'oka kikasafiri na ndege wake juu, kikajibandika popote. Kilikuwa kimekuja nyuma yetu tulipokuwa tunakula na kuziba mlango tulioingilia. Nsanzimana alijaribu kupenya kwa injini, mizizi ikajiviringisha kwenye panga la injini, ikazima. Akashuka majini hadi kiunoni na kisu, akaanza kukata. Nilimtazama akikata na nikalia kwa hasira. Sikuwa nikililia maiti saa ile, nilililia mchana uliokuwa unapita.

Uwamahoro ndiye aliyemwona. Alikuwa amejiinamia ukingoni akisukuma mafunjo kwa mikono ili mtumbwi usibanwe, na pale aliposukuma, kile kisiwa kilipojitenga kidogo, palitokea gunia. Gunia la katani, limevimba, kahawa imefumuka na kuoza. Kwenye shingo ya gunia palikuwa na kamba. Aliivuta ile kamba taratibu, mkono kwa mkono, kama anayeteka maji kisimani, na mwisho wake alikuwa mumewe. Kamba ilikuwa imefungwa kiunoni.

Alikuwa amejifunga gunia ili mkondo usimpokonye mali yake. Mtu asiyejua kuogelea, usiku, akajifunga kahawa. Maganda yakinywa maji huwa mazito kuliko jiwe, hata mtoto wa Kamuli anajua, sote tumewahi kunyeshewa kahawa ikiwa imeanikwa. Nilimtukana Elpidius pale pale, mbele ya mkewe. Nilimwita mpumbavu, nikamwita kwa jina alilokuwa akiitwa na Mama utotoni, nikamwita mpumbavu tena. Uso haukuwa wa kutazamwa na sitausimulia. Uwamahoro alimfahamu kwa sweta, alilomfumia yeye mwenyewe, na kwa kiganja cha kushoto chenye kidole kilichokatwa na panga zamani.

Nsanzimana alikata kamba. Tulimfunga katika turubai tulilokwenda nalo, watatu sisi, tukamwinua kwa shida, mtumbwi ukayumba ukaingiza maji, ukatulia. Halafu tukaketi tukapumua. Nitasema kweli: kwa kitambo kile nilikuwa na furaha. Ni neno baya kwa mahali pale lakini silipati jingine. Tulikuwa naye. Angelala kwenye kibanja chake, karibu na baba, chini ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na watoto wake wangepita pale wakienda kuchuma kahawa. Uwamahoro alinishika mkono na kusema ahsante, wifi. Nikamwambia tuwahi.

Kuwahi kukawa shida. Injini iliwaka, ikatusukuma dhidi ya mkondo kwa muda, ikafa na haikuamka tena. Nsanzimana akachukua kasia, nami nikachukua upondo, na Uwamahoro akawa anakumba maji kwa kopo. Mkondo wa Kagera kwa macho unaonekana umelala, lakini ukiupandia kwa mikono utajua uko macho. Tulikaa karibu na mafunjo mahali maji yalipo mapole. Kila tulipozunguka kona nilitoa simu, na kila mara ilikuwa bado Rwanda. Nililitazama jua. Lilikuwa juu ya milima ya ng'ambo, limekuwa kubwa na jekundu kidogo, lakini lilikuwa juu. Viganja vyangu vilichunika. Nilijiambia hata kama ni kuchunika hadi mfupa, jua bado lipo, na Baba Mkubwa ni mtu wa maneno yake.

Upande wa nyumbani, juu kwenye vilima vya Kamuli, palikuwa na wingu jeusi. Niliona mvua ikianguka kule kama pazia. Sikuifikiria.

Tulipoukaribia mwalo simu ikashika mtandao wa nyumbani. Jua lilikuwa limegusa mlima, halijaanza kuzama. Nilipiga nikiwa bado ndani ya mtumbwi, nikaweka sauti ya juu ili Uwamahoro asikie. Baba Mkubwa alipokea. Nikamwamkia, shikamoo, kisha nikamwambia tumempata, watafute gari lije kutupokea.

Nilimsikia akiwaambia watu wapunguze kelele.

"Tumeshamaliza, mwanangu," alisema.

Nikamwambia jua halijazama.

"Huku lilifunikwa na wingu. Tungejuaje liko wapi?"

Akaeleza, na aliyoeleza yote yalikuwa na maana, hilo ndilo lililonitesa. Mvua ilikuwa imeanza na kaburi lingejaa maji. Katekista alikuwa na mazishi mengine upande wa pili na hakuweza kungoja. Watu walishaloa, chakula kilishaiva, simu yangu ilipigwa mara nyingi haikupatikana, wakaona ukimya wetu ni jibu. Mgomba ulikuwa umekatwa tangu asubuhi na umeanza kunyauka. Hakuna aliyefanya ubaya. Walifanya haraka tu, kama wanavyofanya watu wenye mambo yao. Haraka haraka haina baraka, wanatufundisha tungali wadogo, na wanaotufundisha ndio hao.

Nikamwambia basi lifukuliwe, mgomba utolewe, mtu awekwe. Akasema kaburi halifukuliwi. Nikamwambia basi lichimbwe lingine.

"Evaresta. Elpidius tumemzika," alisema. "Jina lake limesomwa, udongo umetupwa, watoto wake wametupa. Huyo mliye naye huko mzikeni kwa heshima, lakini nyumbani hana tena nafasi."

Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzee. Nikadai nipewe Mama. Nilisikia simu ikipita mkono hadi mkono, nikasikia watu wakila, vijiko na sahani, kisha pumzi ya Mama.

"Umemwona mwenyewe kwa macho?" aliuliza.

Nikamwambia nimemwona, Mama, ni yeye, na kidole chake. Nikamwambia aseme neno moja tu, yeye ndiye mwenye mtoto, akisema aletwe hata Baba Mkubwa atanyamaza. Nilimsikia akilia kwa ndani, namna anavyolia yeye, kwa pumzi tu.

"Nina wajukuu saba katika nyumba hii," alisema mwisho. "Nikimchimbia kaburi la pili, utaniambia nani kati yao atalijaza?"

Niliyesoma hadi kidato cha nne, niliyeolewa Ndama, ninayejua kwamba mtoto huuawa na malaria na si na shimo, nilitafuta neno moja nikalikosa, maana wanangu wawili walikuwa katika wale saba.

"Msimlete," Mama akasema, na simu ikakatika.

Nilimgeukia Uwamahoro. Nilitegemea yeye apige kelele. Huyu si wa ukoo wetu, kwao hakuna mila hii, padri wa kwao huhubiri kila Jumapili kwamba imani za namna hiyo ni giza. Angesema namchukua mume wangu namrudisha nyumbani kwangu, atakayenizuia anizuie. Kama angesema hivyo ningempigania mpaka mwisho. Alikuwa ameweka mkono juu ya turubai, anatazama maji.

"Watatu kati ya hao saba ni wangu, wifi," alisema.

Basi ikawa hivyo. Nilimpigia mume wangu Egbert, ambaye alikuwa Omurushaka akinunua maharage, nikamuuliza kama Elpidius angeweza kulala kwetu Ndama. Akasema kwa upole kwamba najua hawezi, kaka wa mke hazikwi katika ardhi ya ukoo wa mume, ndugu zake wangemwinukia wote. Najua. Niliuliza tu ili niwe nimeuliza. Nsanzimana naye alisema mapema kabla hatujamwomba: pale anapokaa amekaribishwa tu, akizika mtu wa ukoo mwingine atafukuzwa na wenye ardhi, na hana pengine pa kwenda. Alisema huku akiangalia miguu yake.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja akasimama mbali na kuziba pua. Akapiga simu mbili tatu, akasema kwa hali ile tuzike tu, na tuzike pale kati ya njia na mafunjo, mahali pasipo na mwenyewe. Tukaazima majembe. Vijana wawili wa mwaloni walitusaidia.

Pale chini ni udongo mweusi, laini, unachimbika bila shida, na hapo ndipo penye shida. Tulipofika magotini maji yakaanza kutoka pembeni. Tukayakumba kwa ndoo, yakarudi. Tukachimba zaidi, yakaja zaidi. Giza lilikuwa linaingia na Nsanzimana akasema mto ndio unaotoka hapo, huwezi kuumaliza kwa ndoo. Tukamshusha hivyo hivyo. Kwetu mwanamume hulazwa ubavu wa kulia, kama alivyokuwa akilala na mkewe, na Uwamahoro aliingia shimoni akajaribu kumgeuza. Maji yakamwinua. Akamgeuza tena, maji yakamwinua tena, na turubai likafunguka upande. Alikuwa amesimama ndani ya maji hadi mapajani, anambembeleza kwa Kinyarwanda, maneno madogo madogo ya kulaza mtoto. Mwisho tuliweka udongo hivyo hivyo alivyokuwa, yeye akimshikilia chini kwa mikono mpaka udongo ukawa mzito wa kutosha. Sijui alilala ubavu gani. Sidhani kama alilala.

Hatukuwa na katekista. Nilisali Baba Yetu, na nilipofika kwenye utakalo lifanyike nilipaacha nikaendelea mbele.

Tulirudi Kamuli asubuhi. Kwenye kibanja cha Elpidius palikuwa na kaburi zuri, refu, udongo mwekundu umepigwapigwa vizuri kwa koleo, maua ya plastiki juu na msalaba wenye jina lake na miaka yake. Maji ya mvua yalikuwa yameshateremka, palikuwa pakavu kabisa. Mashangazi walitupokea kwa vilio, wakatuambia poleni, wakatuongoza hadi pale, maana sisi tulikuwa hatujatupa udongo. Uwamahoro aliokota, akatupa. Nami nikaokota, nikatupa juu ya mgomba. Baba Mkubwa Ndyamukama alisimama kando kofia mkononi na hakunitazama. Baadaye aliniletea kiti mwenyewe, jambo ambalo mzee wa kwetu hamfanyii mwanamke. Nilikiacha, nikakaa chini.

Mama hakuniuliza kitu mbele ya watu. Aliendelea kupokea wageni, akiitikia pole zao, akisema ahsanteni kwa kutusaidia kumzika mwanangu. Nilimtazama nikifikiri labda ameshaamini, labda ndivyo itakavyokuwa, wote wataamini isipokuwa sisi wawili. Watu walipokwenda kunawa alinivuta nyuma ya jiko, akanishika kola ya blauzi kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa makavu, yamevimba.

"Mlimlaza ubavu gani?"

Nikamwambia wa kulia, Mama. Nikamwambia amelala vizuri, udongo wa kule ni laini.

Akaniachia kola, akaninyoosha blauzi kwa kiganja, akashukuru. Kisha akarudi kwa wageni.